Chanzo yatima cha mionzi ni nini?

Chanzo cha mionzi huitwa yatima kinapokosa wa kukitunza: kimetupwa, kimepotea, kimeibwa, au kimehamishwa bila serikali kujua. Kifaa chenyewe bado kinatoa mionzi kama jana.

Ukitaja usalama wa nyuklia, wengi hufikiria mitambo ya umeme ya Ulaya. Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), na njia yote ya kwenda Likasi na Kolwezi, suala liko kwenye mabomba ya viwanda vya madini. Ili kujua tope la madini lina uzito gani bila kufungua bomba, sanduku la chuma lenye risasi ndani (metali nzito inayozuia mionzi, si ya bunduki) hufungwa ubavuni mwa bomba. Ndani yake mna kidonge cha seziamu-137, elementi inayotoa mionzi, na ng'ambo ya bomba kuna kipokezi kinachohesabu mionzi inayopenya. Tope likizidi uzito, mionzi inayofika hupungua. Sanduku lina kilango. Kikifungwa, mionzi mingi huzuiwa na risasi.

Kampuni ikifilisika au ikiuzwa, bomba hukatwa na sanduku likiwa bado juu yake. Kibao cha njano kimeshafifia kwa vumbi, na mnunuzi wa vyuma chakavu anaona risasi ya kuuza. Seziamu hiyo hupoteza nusu ya nguvu kila miaka 30, kwa hiyo kifaa cha zamani si kifaa kilichokufa. Kikiingia tanuruni, seziamu huishia kwenye vumbi la moshi. Kobalti-60, elementi nyingine ya mionzi, ni mbaya kwa namna nyingine: hubaki ndani ya chuma chenyewe. Mexico, miaka ya 1983 na 1984, kobalti hiyo ilifika hadi kwenye nondo za nyumba za watu.

Udogo wa kidonge hudanganya. Januari 2023, Australia Magharibi, kidonge cha milimita 8 kwa 6 kilidondoka kutoka kwenye kipimo cha mgodi kilichokuwa kikisafirishwa kwa lori, baada ya mtikisiko kulegeza bolti. Kilitafutwa kwenye barabara ya kilomita 1,400 na kupatikana tarehe 1 Februari. Ukisimama mita 1 kutoka kwake, hata saa moja haiishi kabla ya kupita milisiveti 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), kikomo cha mwaka mzima kwa raia.

Kongo ina sheria namba 017/2002 kuhusu kinga dhidi ya mionzi, na mdhibiti wake, CNPRI (kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi). Daftari lake linafaa kuonyesha kila chanzo ni cha aina gani, kina namba gani, nguvu yake ilipimwa tarehe ipi, kiko wapi na ni cha nani. Kimataifa, kanuni za IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, za mwaka 2003 huzitaka nchi zipeane taarifa kabla ya kusafirisha vyanzo vya daraja la 1 na la 2, yaani vyenye hatari kubwa zaidi. Vipimo vya mabomba kwa kawaida ni daraja la 3 au la 4, havimo katika taarifa hizo. Hilo ni pengo kubwa kwetu: daftari la ndani likilala, hakuna nchi itakayotukumbusha. Ndiyo maana mkataba wa kununua kipimo uandike tangu mwanzo kwamba mtengenezaji atakirudisha kwake kikimaliza kazi.

Ukikuta sanduku zito lenye alama ya mapanga matatu meusi kwenye njano, usilivunje wala usilipakie. Ondoa watu hadi mita 30, weka mtu wa kuzuia wapitaji, aliyeligusa anawe mikono kabla ya kula, kisha ita polisi na CNPRI.