Himalaya haifungwi na majira ya baridi

Imani kwamba milima ya Himalaya haipitiki kuanzia Desemba hadi Februari imeenea kwa miaka mingi, nayo imewanyima wasafiri wengi msimu mzuri. Ina ukweli kwa njia za juu sana, kama Thorong La yenye mita 5,416, ambako theluji huweza kuziba njia. Lakini Himalaya si vilele pekee.

Nchini Nepal, sehemu kubwa ya mvua za mwaka huletwa na pepo za monsuni kati ya Juni na Septemba, hivyo majira ya baridi huwa makavu, na asubuhi nyingi anga huwa safi kiasi kwamba kutoka kilima cha Poon Hill, mita 3,210, kilele cha Dhaulagiri huonekana waziwazi. Safari ya miguu ya kwenda huko, inayoanzia karibu na mji wa Pokhara, huchukua siku nne au tano, wala haihitaji kamba au ujuzi wa kukwea. Usiku ni wa baridi kali, na ngazi za mawe huweza kuganda barafu, kwa hiyo viatu visivyoteleza ni vya lazima.

Utamu wa safari hiyo hasa, kwa maoni yangu, uko Ghandruk, kijiji cha Wagurung, jamii ya milimani ya Nepal, chenye nyumba za mawe, ambako mahindi hutundikwa upenuni yakauke na mgeni husongewa dhindo, yaani ugali wa ulezi au wa mahindi. Mwishoni mwa Desemba Wagurung husherehekea Tamu Lhosar, mwaka wao mpya, sherehe ambayo msafiri anayesubiri joto lirudi huikosa kabisa.