Mwili wa mama na mfuko wake: maswali kutoka Moshi

Mama mkwe kashuka kutoka Kibosho, kunitazama tu: "Mwanangu, mbona umekonda, hamli huku mjini?" Kwani unene si dalili ya kutunzwa?

Salamu hiyo imetoka mbali. Palipokuwa na njaa, mwenye mwili ndiye aliyekuwa na akiba. Baadaye ukaja UKIMWI, na kukonda kukazua maneno. Mama aliyejifungua kulishwa mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) na kupumzishwa ni desturi njema, naipenda. Lakini kisukari na presha, vinavyofuata unene, havijui kama ulitunzwa.

Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito, na asilimia 10 ni wembamba kupita kiasi. Waliozidi ni wengi zaidi mijini na kwenye nyumba zenye uwezo.

Mbona Marekani nasikia wanene ni maskini?

Ni kweli, hasa kwa wanawake. Kule chakula cha viwandani chenye sukari na mafuta ndicho rahisi, na mwenye fedha ana nafasi ya kufanya mazoezi.

Nasi tunaelekea huko. Mtazame mama anayeuza nyanya soko la Mbuyuni: katoka nyumbani alfajiri, kutwa nzima yuko juu ya kigoda, tumboni chai ya sukari na maandazi. Usiku anapika, nyama inakwenda kwa baba, yeye anashiba ugali. Mwili unaongezeka huku damu ikipungua, na mtoto wake huenda amedumaa. Anayemwita mvivu hajawahi kuamka saa kumi naye.

Nitajuaje nimezidi?

Gawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita, jibu ligawanye tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 78 na mita 1.60 anapata kama 30.5. Kuanzia 25 uzito umezidi; 30 na kuendelea ni unene wa hatari. Kiuno kikipita sentimita 88, nenda ukapime sukari na presha. (Hesabu hii haimhusu mjamzito.)

Sina hela ya jimu.

Huihitaji. Punguza vijiko vya sukari na mafuta ya kukaangia, ongeza mboga za majani kama mnafu, na maharage. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Najua utauliza, saa ngapi? Hapo ndipo nawageukia akina baba: jioni ogesha watoto na bandika maharage, mama apate hiyo nusu saa kabla giza halijaingia.