Hedifoni za kuzima kelele na afya ya masikio: maswali na majibu

Hivi hedifoni hizi zinalinda masikio kweli?

Zinalinda kwa njia moja: zinakuwezesha kusikiliza kwa sauti ndogo. Ndani ya ndege ya abiria iliyo angani, kelele hufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 hadi 85. Mwenye hedifoni za kawaida hupandisha muziki juu ya kelele hiyo ndipo asikie maneno, na safari ya Dar es Salaam hadi Dubai ni zaidi ya saa tano. Ukiizima ngurumo, huna tena sababu ya kupandisha. Lakini ukiwasha kitufe cha kuzima kelele na kuuacha muziki palepale ulipokuwa, sikio lako linapokea mzigo uleule.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Vaa, washa sehemu ya kuzima kelele kabla ya muziki, kisha subiri kama nusu dakika. Shusha sauti ya simu hadi sifuri, ndipo uanze kuipandisha taratibu. Maneno yakishaeleweka, ishia hapo.

Mbona bado nasikia konda akiita abiria na mtoto akilia?

Kwa sababu ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Maikrofoni ndogo hunasa mawimbi ya kelele, halafu kifaa hutoa mawimbi yaliyo kinyume chake: penye mwinuko kinaweka bonde. Yakikutana, yanafutana. Hesabu hiyo inakubali vizuri kwa sauti nzito isiyobadilika, kama injini ya ndege, basi la mikoani, feni au kiyoyozi. Kilio cha mtoto, honi na sauti ya mtu ni nyembamba zaidi na hubadilika ghafla, hivyo kifaa hakiwahi kuzifuta zote.

Sauti hizo huzuiwa zaidi na sponji lenyewe linalofunika sikio, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Fremu nene ya miwani, misuko, au ushungi uliopita chini ya sponji huacha upenyo, na hata ngurumo inaingia. Ukiweza, valia hedifoni chini ya ushungi. Kwa zile za kuchomeka ndani ya sikio, jaribu saizi zote za mipira iliyokuja nazo. Sikio la kulia na la kushoto huenda yakataka saizi tofauti. Kipimo rahisi: sema "aaa". Sauti yako ikivuma kwa uzito ndani ya kichwa pande zote mbili, zimekaa sawasawa.

Nisikilize kwa sauti gani, na kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto, desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Ndiyo maana kwenye desibeli 90 unabakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, na kwenye 100 ni kama dakika 20. Kwenye iPhone, programu ya Afya huonyesha desibeli za hedifoni zako. Simu yako isipoonyesha, usivuke asilimia 60 ya sauti yote.

Je, nizivae kazini kwenye jenereta au mashine ya kusaga?

Hapana. Hizi za muziki si vifaa vya kinga, na dhidi ya mlio mkali wa msumeno au grenda hazitoshi. Tumia kinga za masikio zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi.

Nikiziwasha nahisi masikio yameziba. Kuna madhara?

Presha ya hewa haijabadilika. Ni ubongo unaoshangaa kukosa sauti nzito ghafla. Ikikusumbua, punguza kiwango cha kuzima kelele kama kifaa kinaruhusu. Maumivu ya ndege inapotua ni jambo jingine: hayo ni presha halisi, na hedifoni haziyazuii. Meza mate, piga miayo au tafuna bazoka.

Masikio yananiwasha tangu nianze kutumia za kuchomeka.

Jasho na unyevu vikifungiwa ndani, ngozi ya tundu la sikio hulainika na vijidudu hupata nafasi. Zitoe mara kwa mara sikio lipate hewa, na usilale nazo. Vua mipira, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na irudishe ikiwa imekauka kabisa. Kifaa chenyewe kifute kwa kitambaa kikavu. Pamba za vijiti usizitie sikioni, maana husukuma nta ndani zaidi. Sikio likitoa usaha, acha kuzitumia hadi utibiwe.

Na barabarani?

Zima sehemu ya kuzima kelele unapovuka. Bodaboda inayokuja nyuma yako hutangulia kusikika kabla ya kuonekana, na injini yake ni aina ileile ya sauti ambayo kifaa kinaifuta. Hata ile hali ya kuingiza sauti za nje haitoshi muziki ukiwa juu.

Nimwone daktari lini?

Ukiwa na mlio masikioni usioisha, au ukianza kuona watu wote wananong'ona. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikae ukidhani ni nta, kwa kuwa dawa za upotevu huo wa ghafla hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo.