Nakisi ya kalori maana yake nini?

Nakisi ni neno la wahasibu: matumizi yamezidi mapato. Mwilini maana ni hiyohiyo. Umekula nishati pungufu ya uliyotumia, basi mwili unachota kwenye akiba, na akiba kubwa ni mafuta yaliyolala tumboni, mapajani na kwingineko. Ukila kuliko unavyotumia, akiba inaongezeka.

Kalori ndiyo kipimo. Ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula kwa hakika ni kilokalori, yaani joto linaloweza kupasha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selisiasi. Wilbur Atwater, mkemia Mmarekani wa karne ya 19, ndiye aliyetuachia hesabu inayotumika mpaka leo: gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9.

Wengi tunakwama kwenye hiyo 9. Mtu akitaka kupungua, wa kwanza kusingiziwa ni ugali. Kumbe kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na mafuta hatuna mazoea ya kuyapima, tunamimina tu. Nilipoanza kuandika kwenye daftari kila ninachokula, nilipima chapati yangu mwenyewe. Unga mkavu gramu 60, kama kalori 210. Mafuta, ya kupaka kabla ya kuisokota na ya kikaangoni, yalitimia kijiko kikubwa kimoja. Jumla 330. Chapati mbili na chai ya vijiko vitatu vya sukari zilinifikisha kama 700, na maharage sijayagusa.

Sasa weka mazoezi upande wa pili. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa wastani hutumia kalori kama 250. Akikimbia kilomita 5, kama 350. Jasho lote hilo ni chapati moja! Sehemu kubwa ya nishati ya siku huliwa na kazi zisizoonekana: moyo kupiga, ini, ubongo, kupumua. Ndiyo maana anayekimbia sana bila kugusa sahani yake hulalamika kwamba mizani imegoma.

Hilo si sababu ya kuacha mazoezi. Anayepungua kwa kula kidogo tu hupoteza na misuli. Push-apu, kuchuchumaa na kunyanyua vyuma husaidia kuilinda. Mazoezi pia hushusha presha na sukari, na husaidia uzito usirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka kituo kimoja kabla na kutembea kila siku kunatosha kuanzia, na mimi namwamini zaidi anayefanya hivyo kuliko anayejiua gym Jumatatu halafu haonekani mpaka mwezi ujao.

Nakisi inayotajwa sana ni kalori 500 kwa siku. Kilo ya mafuta ya mwilini hubeba kama 7,700, kwa hiyo kwenye karatasi unapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Mwili haufuati karatasi kikamilifu: ukipungua, mahitaji yake nayo hushuka, na chakula chenye chumvi nyingi kinaweza kukuongezea kilo nzima ya maji usiku mmoja. Jipime asubuhi kabla ya chai, ulinganishe wastani wa wiki na wiki. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na anayetumia insulini wasianze hesabu hizi bila kumwona daktari.

Kwetu ugumu mwingine ni sinia. Watu watano mkila pilau pamoja, nani atahesabu matonge? Na programu za simu mara nyingi zinaijua piza kuliko makande. Mimi huhesabu kuanzia kwenye chupa: piga mstari wa kalamu kwenye chupa ya mafuta leo, uitazame tena baada ya siku saba. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja amekula karibu kalori 300 kwa siku za mafuta peke yake.