Ng'ombe Asiyelala Zizini

Nilipoanza utafiti wa uwandani huko Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, hojaji yangu ilikuwa na swali ambalo sikuliona na utata wowote: "Una ng'ombe wangapi?" Mzee mmoja wa Kikipsigis aliwatazama wanne waliokuwa wakicheua zizini kwake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Wa hapa au wangu?" Karatasi yangu haikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo. Tulipokuwa tukinywa chai ndipo alipofafanua kwamba watatu kati ya wale wanne walikuwa wa watu wengine, na kwamba wa kwake hasa walikuwa wametawanyika katika maboma matano, mengine upande wa Bomet.

Desturi hiyo Wakipsigis na Wanandi huiita kimanagan. Mwenye mali humkabidhi rafiki, shemeji au jirani ng'ombe amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe mwenyewe na ndama atakaowazaa hubaki mali ya aliyemtoa. Ng'ombe akifa, mtunzaji hutakiwa kuthibitisha kifo hicho, na kwa kawaida ngozi ndiyo iliyokuwa ushahidi. Hakuna karatasi inayoandikwa, ila majirani hujua.

Wapo wanaouita mpango huu ukarimu tu, nami sikubaliani nao. Katika nchi ambako sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, ya miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki, na ambako wezi wa mifugo waliweza kusafisha zizi zima kwa usiku mmoja, mtu aliyewaweka ng'ombe wake wote mahali pamoja alikuwa anacheza kamari. Kuwatawanya kulimkinga dhidi ya maafa, kukamfichia utajiri machoni pa wenye husuda, na zaidi ya hayo kukampatia watu: kila boma lililonywa maziwa ya ng'ombe wake lilikuwa na sababu ya kumsimamia penye kesi au penye mahari. Maskini naye alilisha watoto wake pasipo kuonekana ombaomba, jambo ambalo sisi tunaohesabu vichwa vya mifugo husahau kuliandika.

Swali la mzee yule lilinirudia nilipokuwa Hyrax Hill, kilima kilicho pembezoni mwa mji wa Nakuru. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na mashimo mapana aliyoyakuta yalidhaniwa kuwa nyumba. Baadaye mwanaakiolojia mwenzake, John Sutton, alionyesha kwamba yalikuwa mazizi yaliyochimbwa ardhini, nyumba zikiwa zimejengwa ubavuni, na samadi iliyozolewa humo ikawa vichuguu karibu na lango. Ugunduzi huo ni mzuri, lakini hutia kishawishi: ukiwa na upana wa zizi, unaona umeshapata ukubwa wa kundi, na ukubwa wa kundi unakupa utajiri wa familia. Hapo utakuwa umerudia kosa la hojaji yangu, kwa sababu zizi hukuonyesha tu walikolala ng'ombe, nalo halisemi walikuwa wa nani.

Jiwe, tofauti na ng'ombe, huacha njia. Obsidiani ya kijani, jiwe la volkano linalofanana na kioo, kutoka Mlima Eburru, karibu na Naivasha, imepatikana Gogo Falls kwenye mto Kuja, Kaunti ya Migori, takriban kilomita 200 kutoka chanzo chake, na uchunguzi wa kikemia ndio uliothibitisha asili yake. Wafugaji wa zamani walioitumia hawakuacha alama ya soko wala ya fedha, na mimi huona ni rahisi zaidi kuwaza kwamba jiwe lile lilipita mkono kwa mkono, baina ya watu waliokuwa na jambo jingine lililowaunganisha, pengine ng'ombe. Hiyo ni dhana yangu. Jiwe lenyewe linathibitisha safari tu.

Kuhusu hojaji, nililifuta lile swali. Siku hizi naanza kwa kuuliza ni nani anayekunywa maziwa ya kila ng'ombe aliye zizini, kisha ni nani atakayemchukua ndama. Kwa ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa waliochanganywa na mbegu za kigeni, majibu hubadilika haraka: maziwa huenda kwa gari la ushirika alfajiri, na swali linalozua ubishi mezani ni nani atakayemlipa daktari wa mifugo, aliyemtoa ng'ombe au anayemtunza.