Mwani wa Paje si mwani wa Bathsheba

Nimerudi juzi kutoka Barbados, kisiwa cha Karibiani, safari ya tisa sasa. Likizo yangu kila mwaka huwa ni palepale Bathsheba, pwani ya mashariki, penye yale majabali yaliyoliwa na mawimbi miguuni yakabaki kama uyoga. Safari hii nilituma picha moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: ufukwe wote umefunikwa na mwani wa kahawia, unafika magotini. Sijaweka simu chini, ami yangu kashaleta ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hao watu wamekalia mali! Wanawake wa huku wanalima kwa kamba na vigingi, wao wanaletewa mlangoni, na bado wanalia?"

Ami, shikamoo. Nakuheshimu, lakini swali hili nimeshalijibu harusini, msibani na kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Kazi yangu ni mwani, nimeifanya kwa miaka mingi, na kila ninapoliskia moyo unanipanda. Leo naliandika.

Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, kwetu Unguja, ni wa jamii nyekundu, hata ukiuona wa kijani machoni: spinosamu na kotonii. Ndani yake mna karajinani, ute unaofanya aiskrimu na dawa ya meno vishikane. Mnunuzi anafuata karajinani, si "mwani". Ule wa kwenye picha, unaotupwa Bathsheba, unaitwa sagasamu; ni wa jamii ya kahawia na hauna karajinani hata chembe. Ina alijineti, ute wa aina nyingine ambao nao una soko lake, ila viwanda vya alijineti vimezoea mwani mwingine wa kahawia, wa bahari za baridi. Kumpelekea mnunuzi wa Zanzibar sagasamu ni sawa na kumpelekea mnunuzi wa karafuu gunia la pilipili manga ukamwambia vyote viungo.

Halafu kuna aseniki, ambayo ni sumu. Sagasamu huifyonza kutoka baharini na kuiweka mwilini mwake, ndiyo maana huwezi kuichota tu ukalisha ng'ombe au ukaimwaga kwenye tuta la mchicha bila kupima. Watu hulipita jambo hili mbio mbio kwa sababu linaharibu hadithi nzuri ya utajiri.

Na hata aseniki isingekuwepo, bado kuna suala la wakati. Mkulima wa Jambiani anaijua bamvua yake: anafunga mbegu, anasubiri kama wiki sita, anavuna, anaanika. Kiwanda kinaweza kumtegemea. Sagasamu inaweza kuziba ghuba nzima wiki hii, na mwezi ujao usipate hata kapu. Ikishalala ufukweni siku mbili inaanza kuoza, inatoa hidrojeni salfaidi, harufu ya yai viza, gesi inayokula hata viyoyozi na televisheni za nyumba za jirani. Ukiitaka ingali safi lazima uifuate majini kwa chombo, na mafuta ya chombo yana bei.

Sisemi haina kazi. Huko Mexico yupo Omar Vázquez Sánchez aliyeichanganya na udongo akafyatua matofali, akajenga nyumba. Pale pale Barbados, Legena Henry na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies wameichanganya na majitaka ya kiwanda cha ramu na kinyesi cha kondoo wa kienyeji, wakapata gesi ya kuendeshea gari. Habari ile ilinifurahisha mno. Lakini hiyo ni kazi ya maabara, mitambo na mitaji, ami, si ya kuokota.

Wengine huniambia ni uchafu wa mahoteli. Hapana. Sagasamu hii haioti Barbados. Inazaliwa ikielea, inakua ikielea, inaongezeka kwa kukatika vipande. Hadi 2011 tuliijua zaidi kwenye Bahari ya Sargasso, kaskazini. Mwaka huo ikavamia Karibiani, na tangu hapo, isipokuwa 2013, mkanda wake unajitandaza kila mwaka kuvuka Atlantiki. Mwaka 2018 ulikuwa na urefu wa kilomita 8,850 kutoka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Mexico, uzito zaidi ya tani milioni 20. Mei 2025 zilifika tani milioni 37.5. Kwa nini? Kwa miaka nilifundisha kwamba ni mbolea inayobebwa na mto Amazon, nikafundisha kama jambo lililokwisha. Siku hizi nalisema polepole zaidi. Wapo wanaoonyesha upepo usio wa kawaida wa 2009 na 2010 ulioisukuma kusini, wapo wanaoonyesha virutubisho vinavyopanda kutoka kilindini, na hoja zao zina nguvu.

Kinachonichosha zaidi ni wasafiri wenzangu wanaorudi kila mwaka kama mimi. "Tulikuja Aprili mwaka juzi, palikuwa peupe, tutakuja Aprili tena." Mwezi haukulindi! Kweli, sagasamu huzidi kuanzia majira ya machipuko hadi kiangazi cha kaskazini mwa dunia, yaani kama Machi hadi Agosti, lakini miaka haifanani. Cha kutazama ni upande. Sisi watu wa pwani tumelelewa na pepo mbili: kaskazi ikija inabadili yaliyoletwa na kusi, na ufukwe uliochafuka unapata zamu yake ya kusafishwa. Barbados hakuna zamu hiyo. Upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo Bathsheba inapokea kwanza na inapokea nyingi. Siku ile ile, Holetown upande wa magharibi maji yanaweza kuwa kama kioo. Kisiwa hakizidi kilomita 23 kwa upana, basi linakuvusha. Siapi kuwa magharibi ni salama daima, maana mikondo huzunguka ncha ya kusini ikaleta kidogo.

Mimi narudi Bathsheba hata hivyo. Nikiinua fungu linaloelea bado bichi nakuta kaa wadogo, kamba wadogo, vifaranga vya samaki vya rangi ile ile ya mwani. Kasa wachanga hujificha humo wakiwa bahari kuu. Lakini likishatua nchi kavu fungu hilo hilo linakuwa ukuta, na kasa aina ya ng'amba hutaga Barbados katika miezi hiyo hiyo. Vifaranga vyao hukwama.

Sasa, iondolewe au iachwe? Trekta linabeba mchanga wa ufukwe na kuponda viota. Ikiachwa, wenye pumu wanateseka kwa gesi yake. Nimewahi kutetea pande zote mbili, na bado sina jibu moja la kila ufukwe. Ikiwa nyembamba naiacha, inashika mchanga. Ikiwa nene, reki na mikono, asubuhi ya kwanza kabla haijanuka, na mtu mmoja atangulie kutazama viota.

Ami, mwezi wa kumi na mbili nakuja Unguja. Nitakuletea kipande kilichokaushwa ukiweke kando ya kotonii, uviloweke vyote, uone ute unatoka wapi.