Wafuasi elfu kumi si jina la mwandishi

Waandishi wengi wa hadithi za mtandaoni huanza na nembo, picha ya studio na kusaka wafuasi, wakiamini hapo ndipo jina linapojengwa. Sivyo. Msomaji wa hadithi ya vipande anaifuata sehemu ya 14 kwa sababu ya 13 ilimwacha roho juu. Ukimkosesha mara mbili tatu anahamia kwa mwingine, na nembo haimrudishi.

Anza na ratiba. Andika sehemu kumi kabla hujarusha ya kwanza, kisha rusha siku zilezile, saa ileile, tuseme Jumatatu na Alhamisi saa mbili usiku. Akiba ya sehemu ambazo hujarusha ikibaki tatu, punguza kasi na uwaambie wasomaji mapema. Kukawia wanasamehe, kunyamaza hawasamehe.

Halafu kuna kunakiliwa, na hapa ndipo wengi hupotezea jina. Hadithi ya Facebook hubebwa hadi kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa maneno matupu. Picha na wasifu hubaki nyuma. Kwa hiyo kila sehemu ianze na kichwa, namba na jina lako, na jina lirudiwe katikati ya maandishi. Ukiliweka mwishoni tu, mwizi anafuta mstari mmoja, basi.

Wafuasi wenyewe ni mali ya jukwaa: akaunti ikifungwa, wamekwenda. Kusanya namba za simu kwa ridhaa yao. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), inayotuma ujumbe mmoja kwa wengi kwa mpigo, hubeba watu 256, na ujumbe humfikia aliyehifadhi namba yako tu, kwa hiyo mwombe aihifadhi kwanza, kabla hujamwomba alipie sehemu za mwisho.